Fundi wa mabango wa Kondele: nyangumi kwenye ukuta wa maabara

Tangu mwezi jana ukuta wa maabara yetu hapa Kisumu una nyangumi watano, kuonyesha walivyobadilika tangu kale. Aliyewachora ni fundi wa mabango kule Kondele, yule anayeandikia watu vinyozi na hoteli. Nimemlipa Sh14,000, rangi ikiwemo, na nitamwita tena.

Wa kwanza, wa Pakistan wa miaka milioni 50 hivi iliyopita, ana miguu minne, huyo hakumsumbua. Kazi ilikuwa kwa wale wanaochuja chakula kutoka kwenye maji. Fundi aliwapanga kama ngazi, kila mmoja akimzidi mwenzake kidogo, hadi nyangumi wa buluu wa mita 30. Nikamwambia sivyo. Kwa muda mrefu sana wengi wao hawakuzidi mita 10, kisha miaka milioni 3 hivi iliyopita ndipo wakawa majitu.

"Kwa nini, mwalimu?" Akaweka brashi chini.

Nikamweleza: barafu ilipotanda kaskazini, maji baridi yenye rutuba yalizidi kupanda kutoka vilindini karibu na pwani. Uduvi, chakula chao, ukawa unajaa mahali pachache, kwa majira, kwingine kutupu. Mwenye kinywa kikubwa hufaidi palipojaa, na mwili mkubwa una mafuta ya kumfikisha mahali pengine palipojaa.

"Basi ni kama omena," akasema. Kwao ni wavuvi. "Gizani taa inazikusanya, unazichota. Mbalamwezi ikijaa zinatawanyika, mashua zinalala."

Akafuta uduvi wote aliokuwa ameunyunyiza bahari nzima, akakata kipande cha godoro, akaugonga upya kwa rangi nyekundu, mafungu mafungu. Wanafunzi wakiingia huenda pale kwanza.

Nyangumi mwingine, yule wa kale aliyepatikana Loperot, Turkana, nilitaka awe katikati. Mabaki yake ya miaka milioni 17 yalipatikana 1964, kilomita 740 hivi kutoka bahari ya leo. Enzi hizo nchi ilikuwa chini, haijainuka, na mto ndio uliomfikisha bara. Mdomo wake mrefu umetoka vizuri mno.

Karibu na sakafu rangi imeanza kubambuka kwa sababu hakukwangua chokaa ya zamani. Nilimpigia simu, na anakuja Alhamisi kurekebisha bila malipo. Ukimpa kazi, simamia ukwanguaji, na umwachie muda wa kuuliza.