Geji ya mafuta niliyoacha kuiamini, baada ya kilomita 14,000

Kwa injini, breki na kiti cha pikipiki hii ya cc 150 sina neno. Nataka kusema kuhusu geji yake ya mafuta, maana ndiyo iliyonizimisha barabarani saa mbili usiku.

Geji ni ya dijitali, vijiti sita. Kitabu chake kinasema kijiti cha mwisho kikianza kumweka, yaani kuwaka na kuzima, ujaze. Usiku ule kijiti kimoja kilikuwa kimetulia tuli, hakimweki, mara injini ikakohoa ikazima. Nikailaza pikipiki upande wa kushoto karibu iguse chini, nikainyanyua, ikawaka ikanifikisha kituoni. Tenki la lita 12 likaingia lita 11.5.

Nikaamua kuipima. Nilimwaga petroli yote, nikaisimamisha wima kwa stendi ya katikati, kisha nikamimina lita moja moja, nikisubiri geji itulie. Lita ya kwanza: kijiti kimoja, hakimweki. Lita ya saba: vijiti vyote sita. Yaani kuanzia lita 7 mpaka 12 geji inasema neno moja tu, imejaa. Ndiyo maana kijiti cha kwanza hakipotei mpaka nimepita kilomita 190, kisha vinavyofuata vinadondoka kila kilomita 45 hivi.

Ndani ya tenki kuna boya kwenye mkono wa chuma, nalo ndilo linaloiambia geji kiasi cha petroli. Boya likishagota juu, petroli inayoongezeka haina wa kuihesabu. Tenki nalo lina nundu kwa chini, limekaa juu ya fremu kama tandiko, hivyo petroli ikipungua hugawanyika pande mbili, na pampu iko upande mmoja. Ile iliyokwama upande wa pili ndiyo niliyoivusha kwa kuilaza.

Umbo la tenki nalielewa. Kijiti cha mwisho kutomweka sikielewi kabisa. Nimefunga boya jipya, majibu yaleyale.

Pikipiki yangu ya zamani, ya kabureta, haikuwa na geji hata moja. Ilikuwa na koki, bomba dogo la kufungulia mafuta: injini ikianza kukata unageuza kwenda rizavu, ile akiba ya chini ya tenki, unajua kilichobaki ni kiasi gani. Sikuwahi kusukuma. Hizi za injekta, zinazopuliziwa petroli kwa pampu badala ya kabureta, zimeondoa koki, na pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na petroli hiyohiyo, kwa hiyo kuikausha mara kwa mara ni kuiua. Geji inayokosea hapa inagharimu pampu.

Sasa kila nikijaza narudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, na kilomita 350 zikifika najaza, geji iseme itakalo. Nikibeba abiria, 300.

Pikipiki naipa nyota nne, geji moja. Ukienda kuijaribu kabla ya kununua, isome ikiwa wima, kisha ilaze kwenye stendi ya pembeni, subiri dakika mbili, isome tena. Yangu inaongeza kijiti kizima.