Kisanduku cha makombe ya bahari kwa walimu wa biolojia: ninunue au niache?

Jambo yenu wote, karibuni! Leo hapa Bukavu nina kisanduku ambacho walimu wengi mmekuwa mkiniulizia: makombe ya bahari pamoja na konokono wa plastiki anayefunguka. Sisi wa kando ya Kivu bahari iko mbali, kwa hiyo vifaa vya namna hii tunavihitaji kweli. Mimi nimekipima kwa swali moja: mwanafunzi akikishika, atajua dume ni yupi na jike ni yupi?

Tuanze na huyu wa plastiki. Vipande vinashikana vizuri. Mguu upo, matamvua yapo, ulimi wenye vijino vya kukwangulia chakula upo, hata kifuniko cha kuzibia mlango wa gamba. Sasa sogeeni muone hapa kichwani, upande wa kulia, nyuma ya kipapasio. Patupu! Kwa konokono wengi wa bahari wenye jinsia mbili tofauti, hapo ndipo uume wa dume unapokaa. Msidhani ni jambo dogo. Kule Ulaya, rangi za meli zenye sumu ya tribyutilitini ziliwafanya konokono majike waote uume, njia ya mayai ikaziba, wengine wakafa mayai yakiwa ndani. Dunia ikakubaliana kuzipiga marufuku rangi hizo, na mkataba ukaanza kutumika mwaka 2008. Somo zito kama hilo utalifundishaje kwa mfano usio na kiungo chenyewe?

Haya, kauri, yale makombe ya konokono wa bahari yanayong'aa. Wamebandika karatasi: kubwa «jike», ndogo «dume». Zibandueni. Kwa spishi nyingi jike humzidi dume kidogo, lakini ukubwa wao unaingiliana, kwa hiyo gamba moja mkononi halikuambii kitu. Ni kauri hizihizi tunazoziona kwenye kofia za Bwami, chama cha jadi cha Walega wa hapa mashariki mwa Kongo, na hakuna awezaye kuziangalia pale akakutajia jinsia. Angekuwa hai baharini, jike ungemtambua akiwa ameyakalia mayai yake.

Chaza naye ameandikiwa «dume». Chaza wengi huanza maisha wakiwa madume, baadaye wakageuka majike, na gamba linabaki lilelile! Kome ni safi, ila karatasi haisemi kwamba kwa kome wa bluu nyama ya jike huwa ya rangi ya chungwa, ya dume nyeupe ya maziwa.

Lakini hawa wawili, jamani, hawa nimewapenda. Ni Lambis lambis, konokono wa Bahari ya Hindi mwenye vidole kwenye ukingo wa gamba. Nawaweka sambamba. Huyu mkubwa, tazameni vidole vyake: virefu, vimepinda kwenda juu. Huyu mdogo, vyake ni vifupi. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume, na safari hii gamba lenyewe linasema. Mtoto wa darasani atapitisha kidole hapa, aone tofauti bila kuambiwa.

Kwa hiyo kisanduku kizima sikipendekezi kwa shule inayohesabu kila faranga. Mwombeni muuzaji awape hawa wawili peke yao. Akikataa, chukueni kizima, mfinyange uume kwa udongo na kuubandika pale kichwani kabla ya somo.