Vifaa vya kurekodi demo nyumbani Kigoma: uanze na kipi

Ukiwa Ujiji au Mwanga na hela yako ni ya kuungaunga, chagua vifaa kwa kuangalia chumba utakachorekodia. Nyumba zetu nyingi ni za bati na kuta tupu, bodaboda zinapita dirishani, watoto wa jirani hawanyamazi. Maiki nyingi zinazosifiwa mitandaoni hazikutengenezewa chumba cha namna hiyo.

Namba moja kwangu ni laptopu iliyotumika, kadi ya sauti ya nje ya USB (kisanduku cha kuunganisha maiki na gitaa kwenye kompyuta) na maiki ya dainamiki. Dainamiki unaiimbia karibu, vidole vinne hivi kutoka mdomoni, kwa hiyo sauti yako inazishinda kelele za nje. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado ni ya kuaminika, ila feki zake zimezagaa. Bei ikiwa ya kutupa, achana nayo. Behringer XM8500 ni nafuu na kwa demo inafaa kabisa. Kwenye kadi, Behringer UMC22 inatosha kuanzia. Ukijaliwa zaidi, chukua Focusrite Scarlett Solo. Zote mbili zinapokea maiki na gitaa.

Namba mbili ni maiki ya USB, unachomeka unaimba. Ni nzuri kwa anayeandika nyimbo peke yake, lakini gitaa huwezi kulichomeka humo.

Namba tatu, BM-800. Ni maiki ya kondensa, inadaka mpaka jogoo wa nyumba ya tatu. Inunue tu kama una chumba kimya chenye godoro na mablanketi ukutani. Zile kadi za V8 zenye vitufe vya makofi na vicheko waachie wanaokwenda laivu.

Kompyuta ya mezani hupatikana kwa bei ndogo kuliko laptopu ya nguvu ileile, lakini umeme ukikatika katikati ya ubeti, ubeti umekwenda. Tafuta laptopu yenye prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kabla hujatoa hela, nenda na hedifoni, kadi na maiki yako dukani, rekodi kimya cha nusu dakika chaja ikiwa imechomekwa, kisha rekodi tena kwa betri. Ukisikia mvumo kwenye ile ya kwanza tu, tatizo ni chaja au umeme wa pale. Omba ujaribu chaja nyingine. Ukiusikia kwenye zote mbili, tafuta mashine nyingine.

Programu ya kurekodi isikumalize hela: Audacity ni ya bure, na Reaper unaijaribu siku 60 kabla ya kulipia dola 60.

Ukimtumia prodyuza wa Dar sauti zako WhatsApp, tuma faili la WAV (sauti isiyobanwa) kama dokumenti. Dakika moja ya stereo ni kama MB 10, kwa hiyo hakikisha una bando.