Karata za hadithi: picha za ajabu, mgongo wa aibu

"Dada, hizo ni karata za watoto, nani ataangalia mgongo?" Hivyo ndivyo nilivyojibiwa dukani nilipoirudisha pakiti ya karata za hadithi niliyonunua majuzi, maana mgongo wake, yaani upande wa nyuma, ni mbovu. Nani ataangalia? Mtoto wa miaka minne ndiye wa kwanza kuangalia! Mtu mzima hutazama meza nzima. Mtoto huona doa, kona iliyokunjika, ukingo uliokatwa kombo. Ndiyo maana katika mchezo wa kutafuta jozi za karata zilizofunikwa mdogo anaweza kumshinda mkubwa. Kuwauzia kitu kibovu kwa kisingizio kwamba hawataona ni dharau, tena dharau ya mtu anayekula kupitia watoto hao.

Ubovu wenyewe ni huu. Karata hazikuchapwa kwa mkupuo mmoja: nyingine zina mgongo wa manjano iliyokolea, nyingine manjano iliyofifia. Karatasi nayo ni nyepesi, ukikaa karibu na dirisha picha ya mbele inaonekana kwa nyuma. Karata nzuri za kuchezea huwa na karatasi mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeusi katikati ili mwanga usipenye. Hizi ni manila tupu iliyong'arishwa. Na mgongo hauna nakshi yoyote, kwa hiyo kila kidole chenye maji ya embe kinaacha alama ya kudumu. Nakshi iliyosongamana kama ya kanga ingeficha madoa, na hata huo ukataji wa kombo.

Mtu atasema huu ni mchezo wa hadithi, mgongo una kazi gani? Una kazi kubwa mno. Wa miaka minne mpe karata tano. Wa miaka sita anamudu nane. "Paukwa!" "Pakawa!" Karata zinafunuliwa moja moja, kila anayefunua anarudia kwanza yaliyokwisha kusemwa, kisha anaongeza sentensi moja tu ya kwake. Hadithi ikifika mwisho, zifunike zilezile mahali palepale, mtoto aisimulie upya huku akigusa mgongo wa kila karata. Hapo ndipo kumbukumbu inapofanya kazi kweli, maana picha hana, ana mfuatano wa mambo tu: ikiwa hadithi ina fisi na kobe aliyebeba mlango, fisi hawezi kuingia kabla kobe hajaufikisha mlango. Akikiona kivuli cha fisi kupitia karatasi, hakumbuki tena, anasoma. Mchezo umeharibika na mzazi anampigia makofi!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha zenyewe ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika za umri huu. Ngalawa imekwama juu ya mbuyu. Kobe amebeba mlango mgongoni. Fisi anachungulia kisimani, na alichokiona hakikuchorwa. Pakiti nyingi za wadogo zina embe, mpira, gari. Mtoto anataja jina la kitu, ananyamaza. Hapa hawezi kunyamaza, lazima aulize nani aliipandisha ngalawa ile. Dixit, mchezo mwingine wa karata za hadithi, nayo ina picha za kuota namna hii, lakini sanduku lake linasema miaka 8 na kuendelea, na kwa mtoto wa chekechea ule upigaji kura wake ni mzigo. Hizi zimechorwa na mtu anayewajua wadogo.

Nilikusudia kuandika msinunue kabisa. Siwezi, kwa ajili ya picha hizo. Aliyekwisha kununua asizilamineti: plastiki angavu haizuii mwanga, karata zinateleza zikichangwa, na kona zake zinachoma. Asipake gundi nyeupe ya maji pia, upande mmoja ukilowa karata inajikunja inapokauka. Chukua karatasi ya stika nyeusi au yenye nakshi nzito, bandika mgongo mzima ukianzia ukingo mmoja ili hewa isinaswe, kata ziada kwa wembe na rula ya chuma, duarisha kona, kisha zilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito. Fanya zote. Ukiacha hata moja, hiyo moja itajulikana. Pakiti itanenepa na kisanduku hakitafunga, tafuta mfuko wa kitambaa.

Lakini kwa nini mzazi aliyelipa bei kamili akeshe akifanya kazi ya mchapaji? Kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyopanda. Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Naacha moja, na hiyo ni ya mchoraji, duka na mchapaji wasigawane. Mwenye kutaka kusimulia karata zikiwa wazi tu anunue, atafurahi. Mwenye kutafuta mchezo wa jozi au wa kukumbuka asubiri toleo lenye mgongo mweusi, na kabla ya kulipa afungue pakiti palepale kaunta, ainue karata tatu nne kwenye mwanga. Wakikataa kuifungua, mwachie muuzaji pakiti yake.