Kipima presha ya rejeta: usibadilishe spea kabla hujaona huu mshale

Karibuni wadau. Leo salamu ni fupi, maana hiki kiboksi hapa mezani kimenifurahisha kuliko kifaa chochote nilichowaletea mwaka huu. Ni kipima presha ya rejeta. Kuna pampu ya mkono, geji, mpira, na vifuniko vya rangi rangi vya kuvalisha midomo ya rejeta tofauti. Maelezo mengine yako kwenye boksi, mtayasoma wenyewe dukani.

Anayekihitaji ni wewe mwenye Corolla 110, mwenye Mark II GX100, mwenye Noah ya zamani. Gari inakula maji, kila asubuhi unaongeza, na chini hakuna hata tone. Unaenda gereji, fundi anachungulia injini ikiwa imepoa, haoni kitu, anakwambia rejeta imekufa. Unanunua rejeta. Inachemsha tena, sasa ni wota pampu. Unanunua. Inachemsha tena, sasa ni gasketi, hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa, inapelekwa kuchongwa, na kumbe ugonjwa ni kale kampira kadogo ka hita kule nyuma ya injini. Jamani, hili linaniuma sana. Watu wanauza magari mazima kwa sababu ya mpira.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Maji yakiwa wazi hapa Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Ndani ya rejeta yamebanwa na mfuniko. Ukiyabana kwa presha ya karibu baa 1, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kwa hiyo uvujaji mwingi unajitokeza barabarani presha ikiwa juu, ukipaki unajificha. Na presha ikishatoroka, maji yanachemka mapema hata kama bado yamo. Hiki kifaa kinakupa presha ya barabarani huku injini ikiwa baridi kabisa na mkono wako uko salama.

Dogo, sogeza kamera. Hii ni 110, injini ya 5A, imelala usiku kucha. Narudia, imelala. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, utaungua uso. Najaza maji mpaka mdomoni, navalisha kifuniko cha kipimo, nabana. Kabla sijapampu, oneni hapa juu ya mfuniko wa rejeta ya gari: pameandikwa 0.9. Hiyo ndiyo presha yake kwa baa, kwenye geji hii ni kama psi 13. Sivuki hapo. Ukipampu mpaka 20 kwa sifa, unaweza kupasua rejeta iliyokuwa nzima.

Napampu... tano... kumi... kumi na tatu. Naacha. Sasa hakuna kugusa kitu, tunatazama mshale tu. Mfumo ukiwa hauvuji, mshale unatulia hata dakika kumi na tano. Huu wetu? Tazama. Unashuka. Umefika kumi na mbili na hatujamaliza hata sentensi. Sikilizeni... mnasikia hiyo sss? Zima feni ya chumbani, dogo. Sss. Inatoka juu. Namulika tochi pale tangi la plastiki linapobanwa na bati la aluminiamu. Plastiki ya juu imeshakuwa ya kahawia, imezeeka. Na hapa kwenye kona kuna unga wa waridi umeganda, hayo ni mabaki ya kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, iliyokauka. Napampu tena nirudishe presha, msitoe macho... hilo! Tone limechomoza! Injini haijawashwa, hakuna mvuke, hakuna kubahatisha. Kama lisingetoka hapa, ningemulika kitundu cha chini cha wota pampu, halafu maungio ya mipira, halafu ningepapasa zulia la mbele upande wa abiria, maana hita ikivuja inalowesha ndani.

Napenda pia kwamba kinapima mfuniko wenyewe. Mfuniko una vali mbili. Moja inaachia presha ikizidi, nyingine inaruhusu maji yarudi kutoka kwenye kikopo cha akiba injini ikipoa. Ukiona kikopo kimejaa huku rejeta imepungua, au mpira wa juu umenywea gari ikipoa, anza kushuku mfuniko. Ni spea ya bei ndogo kwenye mfumo huu na ndiyo inayosahaulika.

Nisichokipenda: hii klipu ya kuunganisha mpira na kifuniko. Ni laini mno. Isipokaa vizuri yenyewe inavujisha, mshale unashuka, na wewe unahukumu gari isiyo na kosa. Pakeni maji ya sabuni hapo kwanza, mapovu yakitokea kaza upya.

Bei, nimekipata Kariakoo chini ya laki moja na nusu. Ukiwa na gari moja tu nilitaka kusema usinunue, azima. Lakini nikipiga hesabu ya kuchonga hedi, gasketi, mafuta mapya na ufundi, hapana, nunua. Au changeni majirani watatu. Ile dawa ya unga ya kuziba rejeta mnayoniuliza kila siku, mimi siitaki. Inaziba tundu, na inaweza kuziba na vijia vya rejeta na hita. Na kung'oa temostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto, nako si tiba. Kuna injini ambazo ukiing'oa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta.

Halafu, mshale ukishuka na nje pote pakavu, usishangilie. Huenda presha inaingia ndani ya injini. Chomoa plagi, tafuta iliyolowa. Chomoa kijiti cha oili, ukikuta imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena hiyo injini. Hapo kuna mpinzani wa kifaa hiki ninayemheshimu: ile chupa yenye dawa ya bluu inayogeuka njano moshi wa injini ukiingia kwenye maji. Kwa gasketi iliyoanza kuachia kidogo inaweza kukuonyesha kabla mshale haujakwambia kitu.

Hiyo chupa ndiyo video ya wiki ijayo, na matangazo ya moja kwa moja sasa yamehamia Jumamosi jioni, wengi mliomba. Kwenye maoni niandikieni aina ya gari, namba iliyo juu ya mfuniko wako, na inachemsha lini: kwenye foleni, au kwenye mwendo mkali. Kwenye foleni tutaanza na feni. Mwendo mkali, tutaanza na rejeta iliyoziba. Msiandike "gari inachemsha" tu, sitaweza kuwasaidia.