Siku tatu ndani ya shule ya enzi za Malkia Victoria

Niseme mapema: ukienda Februari kama sisi, beba soksi nzito. Nyumba ni nzuri kuliko hata picha zake, ila joto lote linapanda kwenye kenchi na wewe umebaki chini.

Tulikodi mimi, mume wangu na mama, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza. Ni shule ya zamani ya kijijini, Yorkshire, Uingereza, iliyogeuzwa nyumba ya kukodisha wageni; ni ya miaka michache baada ya sheria ya elimu ya 1870, iliyotaka shule zijengwe pale zilipopungua. Ina milango miwili, mmoja umechongwa juu yake neno la wavulana, wa pili wasichana. Mama ni mwalimu mstaafu. Akagoma kupita kwa wavulana, na mvua inatunyeshea. Bahati mbaya nyuma ya mlango wa wasichana siku hizi kuna mashine ya kufulia.

Ukumbi wenyewe ndio uliokuwa darasa. Dari hakuna, unaona mbao za paa mpaka kileleni. Madirisha ni marefu ajabu, lakini kingo zake za chini zimenifika mabegani. Mwanga unaingia kutwa nzima, ila ukikaa kwenye kochi unaona mawingu tu. Ndivyo walivyotaka: mtoto apate mwanga wa kusomea, asichungulie barabarani. Mama akacheka, "Mngenipa haya mimi! Darasa langu la nne lilikuwa likihesabu pikipiki."

Aliyeigeuza kuwa nyumba nampa heko kwa jambo moja. Chumba cha kulala amekijenga kama roshani ya mbao, akaisimamisha mbali kidogo na ukuta, kwa hiyo hakuna dirisha lililokatwa katikati. Lakini roshani haina ukuta upande wa ukumbini. Birika likichemka chini, unalisikia kitandani. Mume wangu akikoroma, mwangwi unamjibu. Juu unatoka jasho, chini mama kajifunika blanketi mbili. Vioo ni vya tabaka moja, na jengo linalindwa kisheria, huwezi kubadilisha madirisha bila kibali cha halmashauri.

Jiko dogo lakini linatosha. Maegesho yapo.

Nyota nne. Ningerudi Juni. Kengele ya shule bado ipo, na kamba yake, pamoja na karatasi inayoomba wageni wasiiguse kabla ya saa tatu asubuhi. Mama, aliyezoea kugonga rimu ya lori chini ya mwembe, aliivuta saa moja na nusu.