Mawe ya Saruji Niliyoyatengeneza Mwenyewe: Uzoefu Wangu katika Tangi la Maji ya Bahari

Jirani yangu, fundi muashi hapa Mombasa, alinicheka aliponikuta nikikoroga saruji kwenye karai kwa ajili ya samaki: "Mawe yamejaa Pwani nzima, nawe unayatengeneza!" Hakukosea sana, ila nilichokitafuta ni umbo, yaani upinde na mapango yatakayoenea katika tangi langu la lita 200, na mwamba wa hifadhi ya bahari hauruhusiwi kuvunjwa.

Nilichanganya sehemu 1 ya saruji ya Portland, sehemu 3 za maganda ya chaza yaliyopondwa, yale wanayouziwa wafugaji wa kuku, na sehemu 1 ya chumvi ya mawe kutoka Gongoni. Chumvi haiongezi nguvu hata kidogo. Baadaye huyeyuka majini na kuacha matundu wanamoishi bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Rojo hilo zito nililimimina katika mashimo niliyoyachimba kwenye mchanga mbichi, na upinde ukatoka na ngozi ya mchanga ulioshikamana nao.

Kilichoniponza ni haraka. Baada ya wiki 3 za kuyaloweka katika pipa la maji ya bomba, niliyatia tangini bila kupima. Asubuhi yake pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ilikuwa imepanda kutoka 8.2 hadi 8.9, kioo kimetanda ukungu mweupe kama majivu, na konokono wote wamejifungia ndani ya magamba yao. Saruji inapoganda huzalisha chokaa, ile ile ya kupakia kuta, nayo huendelea kuvuja kutoka ndani ya jiwe hata uso ukionekana safi. Nilijaribu siki: povu likafoka, pH ikashuka, kesho yake ikapanda tena, kwa kuwa siki ilikula uso na maganda ya chaza tu. Kilichofaa ni kuyarudisha pipani na kubadilisha maji kila baada ya siku 2 kwa wiki 9 nyingine, hadi jiwe lililokaa siku 3 katika ndoo ya maji yasiyoguswa lisipandishe pH.

Tangu hapo sina lawama kubwa. Mwani wa waridi, ule mgumu unaotambaa juu ya mawe, ulianza kujitokeza mwezi wa 7, kwanza chini ya upinde penye kivuli, na rangi ya kijivu iliyoniudhi sasa haionekani. Hata hivyo, mawe haya ni mazito na matundu yake ni machache kuliko ya matumbawe halisi. Kwa hiyo nimepunguza idadi ya samaki, na nimeyakalisha moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kabla ya kumwaga mchanga, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe.

Upinde wa pili nimekwisha kuumimina. Uko ndani ya pipa, wiki ya 4, na kipimo cha leo bado kinasoma 9.